Mabega ya Kuazima

Sista alikuwa na tabia ya kuazima miili ya watu. Akikukuta kwenye korido ya jengo letu umebeba kapu la nguo chafu, alikusimamisha, akakugeuza taratibu ukaangalia ukuta, akaweka kiganja katikati ya mabega yako na kukiteremsha mpaka kiunoni. Kisha akasema, "Sawa. Enda." Maelezo hakutoa. Wasichana wa El Salvador wa ghorofa ya chini walimzoea kiasi kwamba wakimwona tu wanasimama wima wenyewe, wanacheka. Mimi ndiye niliyekuwa na umri uliomfaa zaidi, kwa hiyo mabega yangu yaliazimwa kuliko ya mtu yeyote pale Alexandria, Marekani.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na kwao Kenya muuguzi ni Sista. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini hata leo nikilitamka naona kama namtaja mtu mwingine. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Sisi ni watu wa Tanga. Baba alifanya kazi kwenye gereji ya kuegesha magari katikati ya jiji, mama alitandika vitanda hotelini, nami nilikuwa nimeanza masomo katika chuo kule Annandale. Milango yetu na ya Sista ilitazamana.

Kiswahili chake kilimtesa mama yangu. Sista aliingia kwetu akasema, "Leteni chumvi," na mama akabaki ameshika kopo la chumvi bila kulitoa.

"Mtu husema naomba, Sista."

"Si nimeomba? Nimesema leteni."

Mimi nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza, naye akanijibu, "Niko sawa." Mama akamfundisha kusema marahaba. Alilipenda neno hilo, akaanza kumpa kila mtu. Baba yangu, aliyemzidi umri kwa mbali, akimwambia habari za asubuhi, Sista alijibu "Marahaba" na kupita zake kwenda kulala. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Kuomba radhi kwa mdomo hakukujua. Akikukosea, kesho yake unakuta ndizi mbivu zimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko wa plastiki. Ukizila, mambo yamekwisha. Mama yangu mara moja alizirudisha, na Sista akamletea nyingine kubwa zaidi.

Kwa upande wa dini alikuwa mkali. Jumapili alivuka mto kwenda kanisa la Wakenya kule Maryland, akiwa na suti ya kijivu na kofia iliyokazwa kwa pini, na huko alisimama mlangoni kupokea watu. Msichana akifika mabega wazi, Sista alimvua koti mama aliyekuwa karibu na kumfunika yule msichana bila kuuliza yeyote kati yao. Waumini wenzake walimwogopa kidogo. Ndiyo maana lile jambo la ukurasa wa gazeti liliwashangaza sana. Alifungua Biblia kwenye mkutano wa akina mama, ukurasa ukadondoka, mama mmoja akauokota. Ilikuwa picha ya msichana wa Kijapani amesimama barabarani: gauni jeusi la marinda yaliyopandana, limefurishwa na gagulo kama kengele, kola nyeupe ya lesi, soksi mpaka magotini, na viatu vyenye soli nene kama tofali. Mama yule akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama vazi la shetani nalo sasa linahifadhiwa ndani ya Neno.

Sista alinisimulia alivyomjibu. "Nikamwambia, umeona goti? Umeona bega? Umeona kifua? Basi nipatie karatasi yangu."

Ukurasa ule ulitoka Nakuru. Huko ndiko Sista alikomwacha binti yake, Nyambura, kwa bibi yake, mtoto akiwa ndio kwanza anang'oka meno ya utoto. Karatasi za uhamiaji zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alimwonya Sista kwamba akitoka nchini hatarudi. Hakutoka. Nyambura alikua huko, akawa mwanafunzi wa bweni, na mama yake akawa anamnunulia nguo kwa kukisia. Picha zilizokuja zilikuwa za pasipoti, za kubandikwa kwenye maombi, na picha ya pasipoti inaishia shingoni. Nyambura alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo Sista alinipima mimi, akaongeza au kupunguza kwa kadiri moyo wake ulivyomwambia.

Shuleni kwa Nyambura kulikuwa na mwalimu wa hisabati wa kujitolea, mwanamke wa Kijapani. Alipomaliza muda wake aliwaachia wasichana magazeti aliyokuwa ametumiwa na wadogo zake. Nyambura akachana ukurasa mmoja, akamtumia mama yake, na nyuma yake aliandika kwa Kiingereza: kama hii, Mum, si kitu kingine.

Jambo jingine lililowashangaza watu kuhusu Sista ni katuni. Alifanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, na Jumamosi asubuhi, akitoka zamu, hakuweza kulala mpaka atazame katuni. Alisema zinamwosha kichwa. Nilivuka korido na chai yangu nikaketi naye. Alikaa na sare yake ya kazi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, uso umekunjamana kama anayesikiliza kesi.

"Ona huyu mbwa," alisema. "Hapo mlangoni mkia wake ulikuwa mnene. Sasa ameingia ndani, mkia umekonda. Kuna mtu alichoka hapo katikati."

Alicheka kwa jambo moja tu: mnyama akikimbia akapita ukingo wa jabali, akabaki hewani mpaka atazame chini. Hapo Sista alicheka akamwaga maji ya beseni. "Hiyo ni mimi na wakili wangu," alisema.

Duka nililipata mimi. Karibu na chuo, katika safu ya maduka ya Wakorea, kulikuwa na chumba chembamba cha mwanamke wa Kijapani aliyeolewa na Mmarekani. Alikodisha kanda za video, akauza magazeti na peremende, na nyuma kabisa, kwenye chuma kimoja cha kutundikia, zilikuwa nguo ambazo dada yake alimletea kutoka Tokyo. Nilimwambia Sista. Siku yake ya mapumziko alinigongea mlango akiwa na mkoba wa kanisani.

Alikuwa na gari kuukuu aliloliendesha polepole mno. Mabasi yalitupita kwenye barabara ya Little River, nao waliokuwa nyuma yetu walipiga honi. "Wanasalimia," alisema Sista.

Dukani alianza kwa kugeuza kila gauni ndani nje. Huo ulikuwa mtindo wake kwa nguo zote, hata za kwetu zilizoanikwa. Alivuta mshono kwa vidole gumba, akanusa kitambaa, akatazama kama vifungo vimeshonwa au vimegandishwa tu. Mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimwangalia kwa hofu, halafu kwa heshima, na mwishowe akaingia stoo akatoka na gauni ambalo hakuwa amelitundika.

"Simama hapo," Sista akaniambia.

Nililivaa nyuma ya pazia. Gagulo lilikwaruza miguu. Nilipotoka, mwenye duka alinizunguka akanyoosha kola, akafunga utepe mgongoni, akarudi nyuma. Kwenye kioo kulikuwa na mtu ambaye sikumfahamu, mwenye shingo ndefu na kiuno. Nilikuwa nimezoea suruali za jinzi na fulana za chuo. Nilisimama nikimtazama yule mtu, nikatamani abaki.

Sista alipiga goti akashika pindo. Akamuuliza mwenye duka, "Hili mtu hulivaa akienda wapi?"

Mwenye duka alifikiri. "Kutembea na rafiki zake. Jumapili."

"Kutembea wapi?"

"Barabarani tu. Wanatembea, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani."

"Hakuna sherehe?"

"Hakuna."

Sista alibaki amepiga goti, pindo mkononi. Kisha akasema nami kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejisomea. "Hii ni nguo ya mtu hana haraka. Mimi tangu nizaliwe sijakuwa na nguo kama hii." Akasimama, akajipangusa goti. "Toa sasa. Si yako."

Alisema kweli, ila nilirudi nyumbani bila kuzungumza. Asubuhi nilikuta ndizi kwenye kitasa.

Mama alipoitwa kuliona gauni limetandazwa juu ya kitanda cha Sista, alitafuta neno la adabu kwa muda.

"Ni la msiba?"

"Ni la kutembea," alijibu Sista.

Gauni halikutumwa siku ile wala juma lile, kwa sababu kulikuwa na safari ya studio. Katika nyumba ya wazee Sista alimuuguza mzee mmoja ambaye mwanawe aliendesha studio ndogo ya katuni, jengo la matofali karibu na mto hapo hapo Alexandria. Walitengeneza vipindi vya watoto na matangazo ya dawa za meno. Sista alikuwa amemwambia yule mzee habari za mkia wa mbwa, mzee akamwambia mwanawe, na mwanawe akasema aje aone wanaochoka. Sista akakubali, kwa sharti kwamba aende na mimi, na michoro ambayo binti yake alikuwa akimtumia ndani ya barua.

Michoro hiyo nilikuwa sijawahi kuiona yote. Aliitia ndani ya bahasha kubwa ya picha za eksirei, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Alivaa suti ya kijivu na kofia ya pini.

Ndani ya studio kulikuwa kimya kuliko nilivyotarajia. Nilifikiri watu wanaotengeneza vichekesho watakuwa wanacheka. Walikaa wameinamia meza za kioo zenye taa chini yake, kila mtu na rundo la karatasi nyembamba, akichora, akiinua kona, akichungulia ya chini, akichora tena. Chumba cha pili wanawake wawili walipaka rangi kwenye karatasi za plastiki angavu, kwa upande wa nyuma. Chumba cha tatu kulikuwa na kompyuta mpya ambazo zilikuwa bado hazijatolewa maganda ya plastiki. Mwana wa yule mzee alisema mwaka unaofuata chumba cha rangi kitafungwa. Alilisema akiwa amewapa mgongo wale wanawake.

Mkubwa kati ya wale wapaka rangi, mama wa makamo mwenye kucha za bluu za rangi isiyotoka, ndiye aliyetaka kuona michoro. Alinawa mikono kwanza. Sista akaitandaza kwenye meza yake.

Ilikuwa ya miaka mingi, kuanzia kalamu za nta mpaka penseli. Yote ilikuwa ya msichana mmoja. Msichana mdogo amevaa sare, ametazama mbele, mikono imelala ubavuni. Msichana mkubwa kidogo, sare nyingine, mikono ubavuni. Msichana na sweta jekundu nililolijua, kwa sababu lilipimwa kwangu. Nguo zilichorwa kwa uangalifu wa kushangaza, kila kifungo, kila kikunjo.

"Ana jicho," alisema yule mama. "Kitambaa anakielewa. Lakini mbona hatembei? Kila mahali amesimama hivi hivi, kama yuko mbele ya daktari."

Sista aliunyoosha kwa kiganja mchoro wa sweta jekundu. Nilidhani amekasirika.

"Anasimama ili nimwone," alisema.

Yule mama wa rangi alimtazama, akaitazama michoro tena kuanzia ya kwanza, safari hii bila haraka. Hakusema pole. Alichukua rundo la karatasi zenye matundu chini, zile za kazi, na kipande cha chuma chenye vijiti vya kuzishikilia zisisogee. Akachora mstari wa mtu, karatasi baada ya karatasi, akampa Sista azipeperushe kwa dole gumba. Yule mtu wa mistari akapiga hatua. Sista akapeperusha tena, na tena. Kofia ilikuwa imepinda na hakuirekebisha.

"Mpelekee," alisema yule mama. "Mwambie achore mguu wa nyuma kwanza. Wengi huanza na wa mbele, ndipo wanapokwama."

Gauni, viatu vya soli nene, karatasi na kile chuma viliondoka na msafiri wa kanisani. Sista alipiga simu shuleni kwa kadi ya kukwangua, akaeleza habari ya mguu wa nyuma mpaka kadi ikaisha. Halafu tukangoja. Muda mrefu ulipita. Baridi iliingia, baba akaanza kuvaa soksi mbili.

Bahasha ilipofika aliileta kwetu bila kuifungua, akaiweka mbele yangu kwenye meza ya chakula. Mama alipunguza moto akaja kusimama nyuma yetu. Sista alizipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akapeperusha.

Msichana alitokea mbali, mdogo kama punje. Akaja. Mguu wa nyuma, mguu wa mbele. Alikuwa amevaa lile gauni. Kadiri alivyosogea ndivyo marinda yalivyocheza, na alipofika karibu akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayeonyesha kitu. Mikono ya gauni ilikuwa imeishia katikati ya kigasha. Pindo lilikuwa juu ya magoti. Kiuno kilikaa mbavuni.

Sista akapeperusha kutoka mwanzo. Alipofika mwisho aliishika karatasi ya mwisho peke yake, akaniambia, "Simama."

Nikasimama. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu. Kisha akakiinua, polepole, kikawa hewani. Akatazama karatasi, akakiinua zaidi. Akakiacha hapo, akitazama nafasi iliyokuwa kati ya kiganja na nywele zangu.

"Amekushinda," alisema. "Amekushinda sana."

Mama yangu alimshika kiwiko akamkalisha. Hakulia. Alikunywa chai yote, akaomba nyingine, na alisema naomba. Tangu siku ile hakumsimamisha mtu yeyote kwenye korido. Wasichana wa chini walipomwona wakasimama wima, aliwapita akawaambia, "Endeni, endeni."

Karatasi za uhamiaji zilitoka baada ya mimi kuhitimu. Tulimpeleka Sista uwanja wa ndege kwa gari la baba, kumpokea binti yake. Nyambura alitoka akisukuma mizigo, mrefu, suruali ya kawaida, nywele zimesukwa. Wote wawili walisimama. Kisha Sista akanyoosha mkono, kama anavyowapokea wageni mlangoni mwa kanisa, na binti yake akaushika, wakasalimiana kwa mkono. Mama yangu aligeuka akatazama mbao za ratiba za ndege.

Miezi ya kwanza niliwasikia kupitia mlango. Waligombana kuhusu chai, kuhusu saa za kulala, kuhusu simu. Sista hakujua kwamba binti yake hali mayai. Nyambura hakujua kwamba mama yake akinyamaza ndipo ana hasira. Ndizi zilionekana kwenye kitasa cha chumba cha Nyambura, ndani ya nyumba yao wenyewe, na Nyambura, asiyejua maana yake, aliziacha zikaoza. Mimi ndiye niliyemweleza. Sista aliomba zamu ya mchana ili wale chakula cha jioni pamoja, na kwa hilo alipoteza wazee aliowapenda. Na michoro ilikoma. Siku moja alimuuliza binti yake kwa nini hachori tena, kwani ana karatasi, ana penseli, ana meza.

"Sasa si unaniona," Nyambura alimjibu.

Sista alinisimulia hilo kwenye ngazi, akiwa na mifuko ya sokoni. Hakuniambia kama alifurahi au alihuzunika, na uso wake haukunisaidia.

Walihamia Oxon Hill, ng'ambo ya mto. Jengo letu likapandishwa hadhi, kodi ikapanda, tukatawanyika. Baba akafariki, mama akarudi Tanga kwa dada yake. Nilibaki mimi, na kazi yangu ya maabara, na mume, na watoto wanaoelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza.

Mara ya mwisho nilipomwona Sista ilikuwa mchana wa Jumamosi, miaka mingi baadaye. Nilikuwa na shughuli upande ule wa mto, nikapita bila kutoa taarifa. Alikuwa amestaafu. Nywele zilikuwa nyeupe na amezikata fupi. Nyambura alikuwa kazini. Sasa anafundisha watoto wadogo, ana mtoto wake mwenyewe, wanaishi wote watatu. Sista alinipa chai ya maziwa na viazi vitamu, akaniuliza mambo kwa mpangilio wake: mume, watoto, kazi, damu yangu ikoje. Kisha akauliza habari za mama yangu.

"Hajambo," nilisema. "Naongea naye kila Jumapili. Sauti yake ni ile ile. Ananicheka kama zamani."

"Umeenda lini?"

Nikaanza kueleza. Shule za watoto, likizo za kazini, mwaka ule mume aliugua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Siku hizi anatembea aje?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama yako. Anatembea aje?"

Nilijua anakula nini, nilijua jirani yake mpya ni nani na mbuzi wa jirani huyo amekula nini. Nilijua dawa zake kwa majina.

"Sijui," nilisema.

Sista aliinuka akaenda jikoni, akanifungia viazi vilivyobaki kwenye karatasi ya jiko. Alipovileta hakukaa tena.

"Enda," alisema.

Nilikwenda Tanga mwezi wa sita, peke yangu, nikawaacha watoto na baba yao. Dereva alinishusha mbele ya nyumba ya mama mkubwa kabla ya adhuhuri. Nikapiga hodi. Nilisikia mama akiitikia ndani, sauti ile ile ya Jumapili, akiniambia ningoje, anakuja. Nikangoja. Alichelewa sana kwa nyumba ndogo vile. Alipotokea mlangoni alikuwa anatabasamu, ameinama upande mmoja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukuta.